Amri ya ulinzi: karatasi inayoangalia kesho

Mtu aliyechoka kupigwa, kutishwa au kufuatwafuatwa akifika mahakamani, swali lake la kwanza mara nyingi ni moja: "Nifanye nini ili afungwe?" Ana haki ya kuuliza hivyo, ila amebisha mlango usio wake. Amri ya ulinzi haimfungi mtu. Haimtii hatiani, wala haitamki kwamba aliyoyafanya mwaka jana yamethibitika kama jinai. Inachosema ni hiki: kuanzia leo usimguse, usimpigie simu, usimtumie mtu kwake, usisogelee anapolala wala anapofanya kazi, ukivunja, utakuja kujibu.

Kwa maneno mengine, ni amri inayoangalia mbele. Kesi ya jinai huuliza nini kilitendeka na aliyetenda aadhibiwe vipi. Ombi la amri ya ulinzi huuliza ni nini kinaweza kutendeka kesho, na kizuiwe vipi. Ukilishika hilo moja, mengi yanayowachanganya watu yananyooka yenyewe: kwa nini hakimu anaweza kutoa amri siku hiyohiyo bila hata kumsikia mlalamikiwa, kwa nini ushahidi unaotakiwa si mzito kama wa kesi ya mauaji, kwa nini karani anakuuliza kilichotokea wiki iliyopita wakati wewe unataka kuanzia siku ya harusi, na kwa nini mara nyingi jela huingia kwenye mazungumzo siku amri inapovunjwa, si siku inapotolewa.

Ilikotoka

Zamani njia ilikuwa nyembamba. Nchini Uingereza, mke aliyetaka mahakama imzuie mumewe kumpiga alilazimika kwanza kufungua shauri jingine, kwa kawaida la talaka. Zuio lilishonewa kwenye kesi hiyo kama kifungo kwenye shati. Bila shati, hakuna pa kukishonea. Anayeishi na mwenzake bila ndoa hali yake ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka 1976 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu zuio liombwe peke yake, kwa waliooana na kwa wanaoishi pamoja kama wanandoa. Mwaka huohuo jimbo la Pennsylvania nchini Marekani likapitisha sheria yake ya ulinzi dhidi ya ukatili, iliyokuja kuwa mfano kwa majimbo mengine. Miaka miwili baadaye, katika shauri la Davis dhidi ya Johnson, majaji wa mahakama ya juu ya Uingereza walikabiliwa na swali ambalo hadi leo huulizwa kila mahali: je, mwanamume ambaye jina lake limo kwenye mkataba wa nyumba anaweza kutolewa humo kwa sababu anampiga anayeishi naye? Wakajibu kwamba anaweza. Haki ya mtu juu ya nyumba haikuwa ruhusa ya kumtesa mwenzake ndani yake.

Baada ya hapo sheria za namna hii zilisambaa. Afrika Kusini ilipata ya kwake mwaka 1998, India 2005, Uganda 2010, Kenya 2015. Si kila nchi ina sheria moja mahususi. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza katika kifungu cha 66 mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, lakini anayetafuta zuio hupita zaidi kwenye mashauri ya ndoa na sheria za kawaida kuliko kwenye sheria inayoitwa kwa jina la ukatili wa nyumbani. Hivyo kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza kwanza: hapa nilipo, amri hii inatolewa chini ya sheria gani na mahakama ya ngazi gani? Swali hilo moja kwa karani huokoa safari tatu.

Bughudha ya mtu asiye wa nyumbani ilichelewa kupata sheria. California ilipitisha ya kwanza nchini Marekani dhidi ya kunyemelea watu mwaka 1990, baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kuuawa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimfuatilia. Uingereza ilifuata mwaka 1997, na Afrika Kusini mwaka 2011.

Milango mitatu inayofanana

Mkanganyiko mkubwa unatokana na kwamba milango mitatu tofauti inatoa karatasi zinazosomeka karibu sawa, zote zikisema "usimsogelee".

Wa kwanza ni polisi. Austria ilianzisha mwaka 1997 utaratibu ambao umeigwa sana Ulaya: polisi wakifika nyumbani na kuona hatari, wanamwamuru mwenye kutishia aondoke papo hapo, hata kama nyumba ni yake. Leo katazo hilo hudumu wiki mbili, na huongezwa hadi wiki nne mwathirika akiomba amri mahakamani. Hekima yake ni kwamba anayeondoka usiku akiwa na begi ni aliyepiga, si aliyepigwa na watoto.

Wa pili ni mahakama ya jinai. Mtu aliyeshtakiwa anaweza kupewa dhamana kwa sharti la kutomkaribia mlalamikaji, na akitiwa hatiani mahakama inaweza kuongeza katazo juu ya adhabu. Uingereza inaenda mbali zaidi: mahakama inaweza kuweka katazo hata pale mshtakiwa anapoachiwa huru, ikiona ni lazima kumkinga mtu dhidi ya bughudha. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Lakini kumbuka tulikoanzia: hukumu inaangalia nyuma, katazo linaangalia mbele.

Wa tatu, ambao ndio mada yetu, ni amri ya madai. Hapa mwombaji ni wewe mwenyewe, si Jamhuri wala serikali. Hukusubiri polisi wamalize upelelezi, wala mwendesha mashtaka aamue kama jalada linatosha. Kipimo cha ushahidi nacho ni chepesi zaidi. Katika jinai lazima hatia ithibitike bila kuacha shaka ya maana. Hapa, katika nchi nyingi, hakimu anapima tu kama maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Na unaweza kupita mlango huu huku kesi ya jinai ikiendelea, au bila kesi hiyo kuwepo kabisa. Mkataba wa Baraza la Ulaya dhidi ya ukatili kwa wanawake, uliofunguliwa kusainiwa Istanbul mwaka 2011, unalitamka hilo waziwazi katika ibara ya 53: amri ipatikane bila kutegemea shauri jingine lolote, na bila kumtwisha mwathirika mzigo wa gharama usio wa haki. Mtu akikwambia "nenda ufungue kesi ya jinai kwanza ndipo uje", muulize ameitoa wapi kanuni hiyo.

Nani dhidi ya nani, na kwa lipi

Sheria za ukatili wa nyumbani hutaka kuwe na uhusiano kati ya wawili hao. Uhusiano huo ni mpana kuliko ndoa. Ile ya Kenya inawagusa waliooana na waliowahi kuoana, wachumba, wanaoishi nyumba moja, ndugu, waliozaa pamoja, hata wenye ukaribu wa kimapenzi tu. Na orodha yake ya ukatili haiishii kwenye kipigo: imo kufuatiliwa, kutishwa, kuharibiwa mali, kunyimwa uwezo wa kiuchumi, matusi, ndoa za utotoni, kurithiwa mjane kwa nguvu, na hata kuingiliwa na wakwe. Hili la mwisho huwachekesha watu wakilisikia, mpaka wakutane na mtu aliyeishi nalo.

Ikiwa anayekusumbua ni jirani, mfanyakazi mwenzako, mteja au mtu usiyemjua, tafuta sheria ya bughudha. Hapa sheria nyingi hutaka mwenendo unaojirudia. Uingereza, kwa mfano, inataka angalau matukio mawili. Ujumbe mmoja wa matusi ni ukosefu wa adabu. Thelathini kwa usiku mmoja ni jambo jingine. Na asiyejulikana jina hayuko salama kama anavyodhani: sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 inairuhusu mahakama kuamuru kampuni ya mawasiliano itoe utambulisho wa anayejificha nyuma ya namba au akaunti.

Wengi hujizuia kuomba kwa sababu "hajanipiga". Kipigo si sharti. Anayekushikia mshahara, anayekagua simu yako kila jioni, anayekuzuia kuonana na wazazi wako, anayekaa ndani ya gari nje ya ofisi yako siku nne kati ya tano, anaweza kuwa ndani ya kile sheria inachokiita ukatili. Uingereza iliufanya udhibiti wa namna hiyo kuwa kosa la jinai peke yake mwaka 2015.

Kiapo ndicho kesi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maombi mengi hulegea hapa. Fomu ya kuomba huambatana na maelezo yako chini ya kiapo. Hakimu hakujui. Hajawahi kukaa sebuleni kwenu. Katika hatua ya kwanza ana karatasi zako tu, pengine na dakika chache za kukuuliza maswali.

Sasa tazama sentensi hii, inayoandikwa kila siku: "Amekuwa akininyanyasa kimwili na kiakili kwa miaka mingi." Ni kweli tupu, na haimsaidii hakimu hata kidogo. Linganisha na hii: "Jumapili tarehe 9, saa nne usiku, alivunja kitasa cha mlango wa chumbani, akanikaba koo kwa mkono wa kulia mbele ya mtoto wetu wa miaka sita, akasema, 'Safari hii nakumaliza.' Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta, akaniacha. Shingo iliuma siku nne." Ya pili haina kivumishi hata kimoja cha kulalamika. Ina tarehe, saa, mkono, maneno yaliyosemwa, aliyeona na aliyesikia. Hakimu anaweza kusimama juu yake.

Anza na tukio la karibuni, kisha baya kuliko yote, kisha eleza mtiririko: yalianza lini, yanatokea mara ngapi, yanaongezeka au la. Watu hutaka kusimulia kwa mpangilio wa miaka, na ukurasa wa kumi ndipo wanapofika jana. Amri inaangalia mbele, na tukio la jana ndilo linalosema zaidi kuhusu kesho. Usisahau kuandika unachokiogopa na kwa nini: amesema atakuja Ijumaa, anajua shule ya mtoto, ana silaha, ameanza kuja na rafiki zake. Kama umewahi kukabwa koo, liandike hata kama halikuacha alama yoyote. Tafiti za mauaji ya wenzi zimelitaja kukabwa kuwa miongoni mwa dalili nzito za hatari ya kuuawa. Kama umeachana naye karibuni, au umemwambia unaondoka, liandike pia. Kipindi cha kuondoka ndicho hatari huongezeka, ingawa kwa nje kinaonekana kama mwisho wa tatizo.

Andika na yasiyokupendeza. Kama mlirudiana mara mbili, sema. Kama na wewe ulimjibu kwa matusi, sema. Ukilificha, litaibuliwa na upande wa pili siku ya kusikilizwa, na hapo litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Ushahidi si lazima uwe wa ajabu. Picha za majeraha, vyeti vya hospitali, namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi, jirani aliyesikia, mwalimu aliyemwona mtoto amebadilika. Ujumbe wa simu unafaa sana, lakini piga picha ya skrini inayoonyesha namba au jina la akaunti pamoja na tarehe, na ubaki na simu yenyewe bila kufuta chochote, pamoja na majibu yako mwenyewe. Mazungumzo yaliyokatwakatwa huzua shaka. Kuhusu kumrekodi mtu sauti bila yeye kujua, sheria hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, uliza kwanza. Na usikate tamaa kama huna karatasi yoyote. Kiapo chako chenyewe ni ushahidi.

Jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: yote utakayoyaandika, mlalamikiwa atayasoma. Atapelekewa nakala. Kama umehama na hajui ulipo, usiandike anwani hiyo kwenye fomu bila kumwuliza karani namna ya kuificha. Mahakama nyingi zina utaratibu wa kuihifadhi kando. Angalia pia simu unayotumia kuandaa maombi. Anayejua nywila zako, au aliyewahi kuishika simu yako kwa siku nzima, anaweza kujua kuhusu ombi kabla hata hakimu hajalisoma.

Kwa nini hakimu anaweza kusikia upande mmoja

Kanuni ya kwanza ya haki ni kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Basi inakuwaje hakimu anamwamuru mtu asirudi nyumbani kwake wakati mtu huyo hana hata habari? Ndipo penye ubishi mkali, na wanaolalamika si wote wenye nia mbaya.

Jibu liko kwenye muda. Kumwita mlalamikiwa kabla ya kumzuia ni kumpa taarifa na siku kadhaa za kulipiza kisasi. Kwa hiyo sheria inakubali kuvunja kanuni kidogo, kwa muda mfupi: amri ya muda inatolewa kwa kusikiliza upande mmoja, na papo hapo inapangwa tarehe ya pande zote mbili kusikilizwa. India inataka tarehe ya kwanza kwa kawaida isizidi siku tatu tangu mahakama ipokee maombi, na hakimu ajitahidi kumaliza shauri ndani ya siku 60. Kila nchi ina hesabu yake, lakini umbo ni lilelile: haraka kwanza, haki ya kujibu mara baada yake.

Kati ya hatua hizo mbili kuna tundu ambalo amri nyingi huangukia, nalo ni kumfikishia mlalamikiwa nakala. Amri iliyo mkobani mwako hajaipokea yeye. Anayeifikisha ni polisi au mtumishi wa mahakama, si wewe. Usijaribu kuipeleka mwenyewe, wala kumtuma mdogo wako. Kazi yako ni kuwapa wahusika habari za kumpata: anafanya kazi wapi, hutoka saa ngapi, gari lake lina rangi gani, hulala wapi siku hizi. Kisha ufuatilie mpaka uone uthibitisho kwamba amepewa. Akiwa anajificha, rudi mahakamani uombe njia nyingine ya kumfikishia, kwa mfano nakala kubandikwa mlangoni kwake. Usikae ukisubiri.

Siku ya kusikilizwa

Kwanza, nenda. Inaonekana ni ushauri wa kitoto, lakini mwombaji asipofika, maombi hutupwa na amri ya muda hufa. Yeye asipofika na uthibitisho wa kufikishiwa upo, hakimu anaweza kuithibitisha bila yeye.

Akifika, atakuwa na njia tatu: akubali, akane, au alete maombi yake dhidi yako. Hii ya tatu imekuwa mbinu ya kawaida, na hakimu aliyechoka huweza kushawishika kutoa amri kwa pande zote mbili ili mambo yaishe. Usiipokee kirahisi. Amri inayokufunga na wewe itakurudia siku utakapompigia polisi, nao wakafika wakiwa na karatasi mbili zinazosema kila mmoja ni hatari kwa mwenzake.

Mbinu nyingine ni ahadi. Wakili wake atasema: mteja wangu yuko tayari kuahidi mbele ya mahakama kwamba hatamsumbua, hakuna haja ya amri. Ahadi kama hiyo ina uzito wake, na kuivunja ni kuidharau mahakama. Lakini nchini Uingereza, kwa mfano, ahadi haimpi polisi uwezo wa kumkamata kama inavyofanya amri. Mimi ningeuliza swali moja kabla ya kukubali: akija mlangoni saa nane usiku, nitampigia nani, na huyo atakuwa na mamlaka ya kufanya nini?

Na kuna wazee, wachungaji, mashehe, ndugu wa pande zote watakaosema "yamalizeni nyumbani". Wengine wana nia njema. Ila usuluhishi unafaa kati ya watu wawili wanaoweza kusema "hapana" bila kuogopa, na ukatili ni hali ambayo mmoja wao hawezi. Ule Mkataba wa Istanbul unapiga marufuku kulazimisha usuluhishi katika mambo haya.

Utaulizwa maswali, na yatauma. Jibu ulichoulizwa, kwa ufupi, ukimtazama hakimu. Kama unaogopa kukaa chumba kimoja na mlalamikiwa, uliza mapema kama unaweza kutoa ushahidi ukiwa nyuma ya pazia au kwa njia ya video. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2021, imezuia katika mashauri ya familia hali nyingi ambazo zilimwezesha mtuhumiwa wa ukatili kumhoji mwenyewe aliyemtendea.

Kilichoandikwa ndicho kitakachokulinda

Ombi lenye sentensi moja, "asinisumbue", huzaa amri yenye sentensi moja, na askari akiisoma usiku hataelewa amkamate kwa lipi. Omba mambo yenye mipaka inayopimika: asifike ndani ya mita kadhaa za nyumba hii, ofisi hii, shule hii, asipige simu, asitume ujumbe, asiandike habari zangu mitandaoni, asitumie mtu mwingine kunifikia. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha anakuja shangazi yake na salamu zenye meno.

Mahakama inaweza pia kuamuru nani abaki ndani ya nyumba kwa sasa, hata kama hati ina jina la mwingine. Hilo halihamishi umiliki; linaamua tu nani alale wapi. India imeandika katika kifungu cha 17 cha sheria yake kwamba mwanamke ana haki ya kuishi katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja, awe na umiliki ndani yake au asiwe nao. Kwa watoto, omba utaratibu unaosema siku, saa na mahali pa kukabidhiana, ikiwezekana kupitia mtu wa tatu. Neno "mtakubaliana wenyewe" ndani ya amri ni tundu linalopitisha ng'ombe. Omba asindikizwe na polisi siku ya kuchukua nguo zake. Na kama ana bunduki, itaje kwa aina yake na inapowekwa. Nchini Marekani, sheria ya tangu 1994 inamkataza aliye chini ya amri ya namna hii kumiliki silaha, na Mahakama ya Juu iliiunga mkono mwaka 2024 katika shauri la Rahimi, majaji wanane dhidi ya mmoja.

Ikivunjwa

Hapa ndipo karatasi huonekana ni karatasi au ni sheria. Afrika Kusini ina utaratibu mzuri: hakimu akitoa amri ya ulinzi hutoa papo hapo na hati ya kumkamata mlalamikiwa, iliyosimamishwa kwa sharti kwamba ataitii amri. Akiivunja, unaipeleka polisi pamoja na maelezo yako ya kiapo; huanzi upya. Uingereza imefanya kuvunja amri ya kutobughudhiwa kuwa jinai tangu Julai 2007, kosa linaloweza kumpa mtu hadi miaka mitano. Kwingine kosa ni kuidharau mahakama, na ni wewe unayerudi kwa hakimu kulalamika. Jua mapema uko upande upi.

Kisha toa taarifa ya kila uvunjaji, ukiwemo ule mdogo. Ujumbe wa "nimekumbuka tu" saa sita usiku ni uvunjaji. Ukiuacha upite kwa huruma au kwa uchovu, wa kumi utaonekana kama wa kwanza. Weka daftari la tarehe, saa na alichofanya, na utembee na nakala ya amri. Picha ya amri hiyo iwe kwenye simu ya mtu unayemwamini na kwenye ofisi ya shule.

Amri haizuii risasi. Mwaka 1999 mjini Castle Rock, Colorado, mama mmoja mwenye amri halali aliwapigia polisi mara kadhaa usiku kucha akiwaambia mume waliyetengana naye amewachukua binti zao watatu. Hawakumtafuta. Alfajiri mwanamume huyo alifika mwenyewe kituoni akifyatua risasi, akauawa, na watoto wakakutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, majaji saba dhidi ya wawili, kwamba Katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai polisi waitekeleze amri ile. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilikuja kusema mwaka 2011 kwamba Marekani ilikiuka haki zake na za watoto wake. Ulaya ilikuwa imechukua njia hiyo mapema: katika shauri la Opuz dhidi ya Uturuki la mwaka 2009, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliilaumu serikali kwa kushindwa kuwalinda mama na binti yake waliolalamika mara kwa mara, hata kama walifuta malalamiko yao chini ya vitisho.

Kwa hiyo mtu anayeogopa jela, anayelinda kazi na jina lake, amri humrudisha nyuma. Mtu asiyejali tena chochote harudishwi nyuma na muhuri. Unamjua wa kwako ni yupi kuliko hakimu anavyomjua. Kama ni wa pili, omba amri, lakini usilale hapo anapopajua usiku atakaoipokea.

Swali linalorudi kila mara: je, mkirudiana? Amri inamfunga yeye, si wewe, na kukaribishwa kwako hakumpi ruhusa. Akija anaweza bado kukamatwa. Ila kumwalika leo na kumshtaki kesho kutakuumiza mbele ya hakimu. Kama kweli unataka kumpa nafasi, rudi mahakamani uombe masharti yabadilishwe. Kwa mfano, katazo la kuwasiliana linaweza kuondolewa na katazo la kukugusa likabaki.

Na kama wewe ndiye uliyefikishiwa amri na unaona ni ya uongo? Itii, neno kwa neno, hata usipoelewa kwa nini. Usimpigie mwombaji kumwuliza "kwa nini umenifanyia hivi". Simu hiyo ndiyo uvunjaji wako wa kwanza. Ulilonalo liweke kwa ajili ya tarehe ya kusikilizwa.

Mwisho kuna mpaka na tarehe. Ukihamia nchi nyingine, usidhani amri inakufuata. Ndani ya Marekani, tangu 1994, amri ya jimbo moja hutekelezwa katika majimbo mengine, na nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa kutambuliana tangu Januari 2015. Kwingineko mara nyingi utaanza maombi mapya, ukiambatanisha ile ya zamani. Na amri nyingi zina siku ya kuisha, imeandikwa kwa tarakimu ndogo karibu na sahihi ya hakimu. Izungushie kalamu nyekundu. Maombi ya kuongeza muda yanatakiwa kufika mahakamani kabla ya siku hiyo. Yakifika siku inayofuata, karani atakupa fomu tupu uanze upya.